Bi Kidude: Shosho aliyegoma kushuka steji

Panda vilima vya Mbooni siku ambayo kilumi inachezwa na utaona kitu ambacho klabu za Nairobi hazijawahi kukuonyesha: wenye wanaongoza ngoma ni kina susu. Kilumi ni ngoma ya zamani sana ya Wakamba, ya kuomba mvua na kutuliza roho za wahenga, na hapo mvi si kasoro. Sauti ikikwaruza kidogo ndiyo watu wanaiamini zaidi, kwa sababu imepitia miaka ya ukame na miaka ya mavuno.

Sasa shuka Wote, ama Kitui mjini, ama urudi tu Nairobi. Mzee wa benga anapanda steji, vidole vinachelewa kidogo kwa solo, pumzi inakata kabla ya kiitikio. Dakika mbili tu na wasee wameanza: huyu buda si angeenda nyumbani apumzike? Ni watu wale wale, lakini sheria ni mbili.

Kuna msanii mmoja aliishi chini ya sheria zote mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa kungwi wa ngoma za kina mama mtaani, na pia alikuwa staa wa steji kubwa za Ulaya akiwa na umri ambao wengi huwa washalazwa kaburini kitambo. Jina la kuzaliwa ni Fatuma binti Baraka. Dunia ilimjua kama Bi Kidude. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, wakati wengi wenu mlikuwa bado mnavaa sweta za shule ya msingi, kwa hivyo tulieni mpewe stori yake.

Mtoto wa muuza nazi

Bi Kidude alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, baba yake akiwa muuza nazi. Mwaka gani? Cheti hakuna. Hesabu nyingi humweka karibu na 1910. Jina la Kidude alilipata kwa sababu alizaliwa kadogo sana, na likamshika maisha yote.

Siku hizo malkia wa taarab alikuwa Siti binti Saad, mwanamke wa kutoka Fumba ambaye mwaka wa 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huyo ndiye Kidude alimsikiliza na kumuiga. Hakuwa na mwalimu wa muziki wala shule ya maana, alikuwa tu na sikio kali na koo la nguvu.

Akiwa na miaka kama 13 akaozwa kwa lazima. Akatoroka. Simulizi za maisha yake zinasema alivuka hadi bara na kuzunguka sehemu kubwa ya Tanganyika miguu peku, akiimba na vikundi vya taarab na kujifunza ngoma za huko. Ndoa nyingine nayo ikavunjika. Watoto hakupata. Karibu na miaka ya 40 akarudi Unguja, akapata nyumba ya kawaida mitaa ya Ng'ambo, na maisha yakaendelea mos mos.

Hapo ndipo watu hukosea wakisimulia maisha yake. Wanaruka miaka arobaini nzima kana kwamba alikuwa amelala. Wapi! Alikuwa kwa hustle. Alitengeneza na kuuza wanja na hina, akatibu watu kwa dawa za miti, na zaidi ya yote akaongoza unyago, mafunzo ya wasichana wanaoingia utu uzima. Alijifunga ngoma kubwa kiunoni, akasimama, akaipiga na kuimba mambo ambayo wanaume hawaruhusiwi kusikia. Kwa unyago hakuna mtu angemwambia amezeeka. Kungwi akizeeka, thamani inapanda.

Umaarufu ulikuja na mvi

Ilifika miaka ya 80 ndiyo bendi na mapromota wakaanza kumtafuta kwa nguvu. Akaanza kupelekwa Ulaya, nchi za Kiarabu, hadi Japani. Piga hesabu: kama kweli alizaliwa karibu na 1910, safari hizo alizianza akiwa na miaka 70 na kitu. Wimbo ambao watu wengi wanamkumbuka nao, Muhogo wa Jang'ombe, dunia iliusikia kutoka kwa mdomo wa shosho.

Shikilia hapo kwanza, kwa sababu hapo ndipo mjadala mzima wa wazee na steji unageuka. Tukisema msanii ameisha, huwa tunalinganisha sauti ya leo na ile ya zamani. Kwa Bi Kidude, karibu kila rekodi tuliyo nayo ilifanywa akiwa tayari mzee. Sauti yake ya miaka 25 haiko kwa simu yako wala yangu. Ile sauti nzito, iliyokauka, inayokwaruza kama mlango wa mninga, ndiyo ilijaza kumbi. Hawakuwa wakimvumilia kwa huruma. Walilipa tiketi kuisikia.

Mwaka wa 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kule Newcastle, Uingereza, moja ya heshima kubwa zaidi kwa muziki wa dunia. Mwaka uliofuata ikatoka filamu kuhusu maisha yake, As Old as My Tongue, ya Andy Jones. Na kwa vile hakuwa mtu wa kuringa, akaingia pia studio na vijana wa Offside Trick wa Zanzibar, wakatoa Ahmada, na watoto wa mtaani wakacheza ngoma ya bibi mwenye angeweza kuwa nyanya wa nyanya zao.

Steji alipanda peku. Sigara alivuta, pombe alikunywa, na hakujificha. Kwa kisiwa chenye heshima zake kama Unguja, hiyo ilikuwa noma. Lakini waliomsema ndio hao hao walikuja kumsikiliza.

Mwisho wenye vumbi

Sasa ile sehemu chungu. Licha ya hizo safari zote, hakuishi kitajiri. Doh alizopata aligawa sana kwa majirani na ndugu, na lile swali la pesa za shoo zinaishia wapi halikuisha kuulizwa.

Afya ikaanza kuyumba. Mwaka wa 2012 mambo yakalipuka. Ndugu yake mmoja alimchukua akaenda kukaa naye Bububu, akisema bibi amezeeka, ni mgonjwa, steji basi, na kwamba wale waliokuwa wakimzungusha walikuwa wakimnyonya. Upande wa pili, wenye walifanya kazi naye waliona ametekwa, kwamba kumkataza mwanamke huyu kuimba ni kumzika akiwa hai. Andy Jones alirudi Unguja kufuatilia hiyo stori hadi ikawa filamu ya pili, I Shot Bi Kidude.

Miezi michache baadaye, Aprili 2013, akafariki huko Bububu. Akazikwa Kitumba, na Rais Jakaya Kikwete akawa miongoni mwa waombolezaji. Serikali, ndugu, wanamuziki na watalii, kila mtu alimlilia kama wake.

Ukiangalia huo ugomvi vizuri, pande zote mbili zilidai zinamlinda. Mmoja alimlinda dhidi ya steji, mwingine dhidi ya nyumba. Na katikati yuko mwanamke ambaye akiwa na miaka 13 alikimbia kwa sababu watu wengine walimwamulia maisha. Miaka 90 baadaye, bado walikuwa wakimwamulia.

Swali lenyewe ni hili

Kwa hivyo wasanii wazee waache ama waendelee? Maoni yetu: hilo swali limekaa vibaya. Koo kuchoka si dhambi, ni mwili tu. Cha maana ni nani anaamua, nani anakula pesa, na steji imepangwa aje.

Kuamua kwanza. Msanii mwenyewe akisema bado, basi bado. Akisema imetosha, asivutwe na promota kwa sababu jina lake linauza tiketi, wala asivutwe na sisi mashabiki kwa sababu tunataka kurudishwa utotoni. Na kama akili imeanza kupotea hadi hajui yuko mji gani, hapo kweli watu wa karibu wana kazi ya kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Hiyo si dharau.

Pesa ndiyo mzizi. Mzee mwenye analipwa vizuri kila ngoma yake ikichezwa redioni na kwa matatu anaweza kuchagua kupumzika. Mwenye halipwi hana chaguo, anapanda steji akikohoa kwa sababu kuna kodi ya nyumba na dawa za presha. Tukimcheka huyo, tunacheka mtu aliye kazini. Wanamuziki wa Kenya wamelia kuhusu mirabaha miaka nenda miaka rudi, na hicho kilio kina uhusiano wa moja kwa moja na ile sauti dhaifu unayoicheka.

Kisha steji. Mbona mzee wa miaka 75 apangiwe kuimba saa nane usiku, masaa mawili mfululizo, kwa funguo ile ile ya 1978? Mpe kiti. Mpe nyimbo nne saa moja jioni. Shusha funguo. Weka vijana nyuma yake wabebe viitikio, yeye asimulie na kuongoza. Hivyo ndivyo kilumi inavyofanya, na unyago pia: wenye nguvu wanaruka, mwenye miaka anashikilia njia. Hakuna mtu anatarajia susu aruke kama msichana, na hakuna mtu anamwambia aondoke.

Kuna wale watasema afadhali msanii aache akiwa juu, tumkumbuke akiwa fiti. Sawa, ni haki yake kuchagua hivyo. Lakini sisi wa Ukambani tunajua bei ya kumkumbuka mtu akiwa kijana tu. Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers alifariki 1987 akiwa na miaka 30 na kitu. Kwa kumbukumbu zetu gitaa lake halijawahi kuchelewa hata mara moja. Na bado kila shabiki wa benga angelipa kiingilio mara mbili kumsikia leo akiwa mzee, vidole vikitetemeka, akikosea nusu ya solo.