Askofu aliyekufa njiani kwenda Peramiho



Wiki iliyopita nilitaka kuachia ngazi. Mimi ni kiongozi wa vijana huku kwetu Viwanja Sitini, Ifakara. Tuliitisha kikao, tukatangaza Jumapili mbili mfululizo, tukatuma na meseji. Wakaja wanne. Na mmoja kati ya hao wanne alikuja kuuliza mchango wake wa sare umeishia wapi. Usiku nikakaa nikaandika barua ya kujiuzulu, na wala sikuwa natania.

Kilichonizuia nisiipeleke ni mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Askofu Cassian Spiss. Nilikuwa namjua kwa jina tu. Safari hii nikayasoma maisha yake taratibu.

Alizaliwa mwaka 1866 kwenye milima ya Tirol, Austria, akawa mtawa Mbenediktini wa St. Ottilien. Wamisionari wa kwanza wa shirika lake walifika pwani yetu mwaka 1888 wakajenga Pugu. Januari 1889 Pugu ikachomwa, watatu wakauawa. Yeye alikuja miaka michache baadaye, kwa hiyo alijua anakokuja. Mwaka 1898 akaanzisha misheni ya Peramiho, Ungoni. Alijifunza lugha za watu, hadi mwaka 1904 maandishi yake juu ya Kingoni na Kisutu yakachapwa. Hilo lilinigusa. Mimi majina ya vijana wa kigango changu tu sijayamaliza.

Mwaka 1902 akafanywa askofu, makao Dar es Salaam. Eneo lake lilikuwa kubwa mno, karibu kusini yote, Mahenge na bonde letu la Kilombero humo humo. Mwaka huo huo ndipo misheni ya Kwiro ilipoanza. Kwa hiyo alikuwa askofu wa huku kwetu pia, ingawa wengi hatujui.

Halafu ikaja Julai 1905. Vita vya Majimaji vikaanza Umatumbi, kwenye mashamba ya pamba. Hapa lazima tuseme ukweli: watu walikuwa na sababu. Walilimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi, walichapwa viboko. Wazee wetu Wambunga na Wapogoro nao walipigana. Tarehe 30 Agosti walishambulia boma la Mahenge, wakafyekwa na bombomu. Na machoni pa watu wengi mmisionari na serikali ya Wajerumani walikuwa kitu kimoja. Ungewalaumu?

Katikati ya moto huo Askofu Spiss alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili, Gabriel na Andreas, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu upande wa Liwale, wote watano waliuawa. (Ni tarehe hiyo hiyo ambayo leo tunamkumbuka Mtakatifu Maksimiliano Kolbe.) Askofu alikuwa na miaka 39 tu, na uaskofu wake miaka mitatu. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nami simtangazi.

Baada yake mambo yakazidi kuwa mabaya. Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Septemba ikachomwa Peramiho yenyewe, kazi ya mikono yake. Ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko vita. Sasa fikiria ungekuwa katibu, umeambiwa uandike taarifa ya mwaka 1905. Ungeandika nini, jamani? Askofu amekufa, misheni majivu, waamini hawajulikani waliko.

Taarifa hiyo ingekuwa ya kweli kabisa. Ila mwaka 1906 Thomas Spreiter alishika nafasi yake, na Ndanda ikaanza. Peramiho ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Upande wetu walikuja Wakapuchini kutoka Uswisi mwaka 1921. Mwaka 1964 Mahenge ikawa jimbo chini ya Askofu Elias Mchonde, Mwafrika mwenzetu, na mwaka 2012 Ifakara nayo ikawa jimbo. Spiss hakuona hata kimoja. Zamani sura ya 11 ya Waebrania niliisoma kama orodha ya majina ya wazee wa Agano la Kale. Siku hizi nikifika pale inaposema walikufa bila kuzipokea ahadi, nasimama kidogo.

Yeye aliuawa, mimi nimenyimwa tu mahudhurio. Najua si mzani mmoja.

Barua bado iko mezani, sijaichana. Ila nimelitafuta daftari la michango nikalipata chini ya vitabu vya kwaya. Hela ya sare ya yule mwenzetu imeandikwa, na risiti ya fundi ipo. Jumamosi tuna usafi wa kanisa saa moja asubuhi, nitakuja na daftari. Wakija wanne, tutafagia wanne.