Daktari wa jicho moja na taya la mpwa wangu

Dada yangu alinipigia simu kutoka Kilifi. Mwanawe alikuwa amevimba taya, na majirani wanamwambia ni jino tu, litapoa. Mimi nafundisha huku Mau Narok, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Nikamwambia asingoje, ampeleke hospitali. Hofu yangu ilitokana na maisha ya Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Hata hivyo akawa daktari wa upasuaji, na tangu 1946 akafanya kazi Uganda. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote. Baadaye kidogo akakutana na mwingine kama huyo mjini Jinja. Ilikuwa saratani, naye akaitangaza mwaka 1958.

Akaandikia hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Wakagundua kwamba ugonjwa huu hukaa sehemu za joto na mvua. Huku kwenye ikweta, ukipita mita 1,500 hauonekani sana. Mau Narok iko juu ya mita 2,500. Kwetu pwani tumo ndani.

Ni kule kule kwenye malaria. Wataalamu waliofuata walieleza sababu. Kuna virusi, vilivyogunduliwa mwaka 1964, vinavyojificha ndani ya chembechembe nyeupe za damu. Malaria ikimrudia mtoto kila mara, chembechembe hizo hazipumziki, zinazaana mbio mbio, na ikitokea kosa, moja huzaana bila kukoma. Kichocho nacho kina hatari yake: mayai hukwama kwenye kibofu, kikavimba ndani kwa ndani miaka mingi, na mwisho huweza kuwa saratani.

Burkitt alionyesha pia kwamba dawa huweza kuuyeyusha uvimbe ule, na watoto wakapona. Alifariki mwaka 1993.

Mpwa wangu, alhamdulillahi, lilikuwa jipu la jino. Lakini jamaa zangu wa pwani, joto lisitufanye tuwalaze watoto nje ya neti. Dozi ya malaria imalizwe. Mtoto akikojoa damu, atibiwe kichocho. Na taya likivimba, tusimsikilize jirani kabla ya daktari.