Mickey Thompson: Fundi aliyeponyokwa na rekodi

MICKEY Thompson alizaliwa California, Marekani, mwaka wa 1928. Mnamo 1954 aliunda gari la mbio fupi ambalo dereva alikalishwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, ili uzito uyafanye matairi yashike barabara barabara.

Baadaye aliunda Challenger I, lenye injini nne za Pontiac. Septemba 1960, lilipita uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, kwa kasi ya kilomita 654 kwa saa. Hata hivyo, kanuni zilidai gari lirejee upande wa pili katika muda wa saa moja, ndipo wastani uhesabiwe. Likaharibika likirejea, na rekodi ya Mwingereza John Cobb ya 1947 ikasalia.

Thompson aliuawa kwa risasi mwaka wa 1988.