Heinrich Hertz: Jina linalotajwa kila siku redioni

Kila mtangazaji anapotaja kilohezi au megahezi za kituo chake, hulitaja jina la mtu ambaye hakuwahi kusikiliza redio. Mtu huyo ni Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Kijerumani aliyefariki dunia tarehe 1 Januari 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Msikilizaji wa Macaloe, kisiwani katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, anapozungusha kitufe kutafuta matangazo ya Kiswahili, anategemea jambo ambalo Hertz alilithibitisha kwa waya na cheche: sakiti mbili zikilingana mwendo, huitikiana pasipo waya wa kuziunganisha.

Hertz alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857, baba yake akiwa mwanasheria. Shuleni alijifunza Kiarabu, na mwalimu wake aliona kipaji kikubwa hata akapendekeza kijana huyo aelekezwe kwenye taaluma za lugha za Mashariki. Lakini mikono yake ilipenda kazi. Alijifunza useremala na kukereza, na inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha alisikitika kusikia mwanafunzi wake amekuwa profesa, kwa kuwa mkerezaji hodari alikuwa amepotea. Ustadi huo haukupotea: vyombo vingi vya majaribio yake alivitengeneza mwenyewe.

Alianza kwa kusomea uhandisi, kisha akahamia fizikia. Mjini Berlin alisoma chini ya Hermann von Helmholtz na kupata shahada ya udaktari mwaka 1880. Helmholtz alimhimiza ajaribu kuithibitisha nadharia ya James Clerk Maxwell wa Scotland, aliyesema kwamba umeme na sumaku huweza kusafiri pamoja kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Hertz aliona kazi hiyo ni ngumu mno kwa vyombo vya wakati ule, akaiweka kando.

Cheche zilizoitikiana

Fursa ilipatikana Karlsruhe, alikokuwa profesa tangu mwaka 1885. Alipokuwa akitumia koili mbili za maabara, aligundua kwamba cheche ikiruka katika moja, cheche ndogo huruka pia katika nyingine. Akatengeneza chombo cha fito mbili za metali zilizoachana kidogo. Kila cheche iliporuka katikati, umeme ulikwenda na kurudi ndani ya fito hizo mamilioni ya mara kwa sekunde. Mbali kidogo aliweka kitanzi cha waya chenye mwanya mwembamba.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yake. Aliporefusha au kuufupisha waya wa kitanzi, cheche zake zilibadilika. Kwa urefu mmoja maalumu zilikuwa ndefu kabisa. Ukizidi au ukipungua, zilififia. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake humpeleka juu, ilhali msukumo mkubwa usiofuata mwendo wake hauzai kitu.

Kwa kitanzi kilicholinganishwa hivyo, mwaka 1888 Hertz aliyafuatilia mawimbi ndani ya ukumbi wa mihadhara. Aliyarudisha kwa bati la zinki, akapima urefu wake, na baadaye akayapinda kwa mche mkubwa wa lami. Yalitenda kama mwanga. Nadharia ya Maxwell ikawa imethibitishwa.

Kutoka kitanzi hadi kitufe

Fundi anayejiundia redio leo hutumia kanuni ile ile, ila badala ya kukata waya hutumia koili na kapasita. Kapasita hutunza umeme, kisha huumwaga ndani ya koili. Koili huurudisha, na safari huanza upya. Koili ya mikrohenri 200 ikiunganishwa na kapasita ya pikofaradi 365 huitikia karibu kilohezi 590, kwenye masafa ya kati. Kapasita ikipunguzwa hadi robo, masafa huongezeka maradufu. Waya mwembamba mno, au chumvi na unyevu wa bahari kwenye viungo, hupoteza nguvu. Ndipo vituo viwili huanza kusikika pamoja.

Hertz hakuyaona hayo. Mwaka 1889 alihamia Bonn, na miaka michache baadaye maradhi yakamshika. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa bila kupona, akaacha mjane, Elisabeth, na mabinti wawili. Mwaka uliofuata kifo chake, Guglielmo Marconi alianza majaribio ya kupeleka ujumbe kwa mawimbi hayo nchini Italia.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, heshima yake ilishambuliwa kwa sababu ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi. Picha yake iliondolewa katika ukumbi wa jiji la Hamburg, na katika miaka hiyo ya 1930 mjane na mabinti zake wakahamia Uingereza. Lakini tayari mwaka 1930 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa umeme ilikuwa imelipa jina lake kipimo cha masafa, na mwaka 1960 kipimo hicho kikaidhinishwa rasmi duniani kote. Walioishusha picha hawakuweza kulifuta jina: limebaki kwenye kila redio, na katika kila kilohezi inayotangazwa hewani.