Hiroshige

Utagawa Hiroshige (Edo, 1797 - Edo, 12 Oktoba 1858) alikuwa mchoraji wa Japani aliyejulikana hasa kwa picha za mandhari na safari zilizochapwa kwa vibao vya mbao.

Alizaliwa katika ukoo wa Ando mjini Edo (leo Tokyo). Baba yake alikuwa mtumishi wa zimamoto wa boma la shogun. Mwaka 1809 wazazi wote wawili walifariki, na mtoto huyo wa miaka 12 akarithi kazi ya baba yake. Mshahara ulikuwa mdogo, ila kazi ilimwachia muda wa kuchora. Mwalimu mashuhuri Utagawa Toyokuni alimkataa; alipokewa na Utagawa Toyohiro, ambaye alimpa jina la Hiroshige.

Alipata umaarufu kuanzia mwaka 1833 kwa mfululizo wa picha 55 za "Vituo 53 vya Tokaido", barabara iliyounganisha Edo na Kyoto. Picha mbili zaidi ni za mwanzo na mwisho wa safari. Inayosifiwa kuliko zote ni ya Kambara: ni usiku, nyumba zimefunikwa na theluji, na watu watatu wanatembea wameinama, mmoja akiwa amejificha chini ya mwavuli uliofunguka nusu. Hakuna anayemtazama mwenzake. Lakini Kambara iko karibu na pwani, mahali ambapo theluji ni nadra sana. Husimuliwa kwamba Hiroshige alipita barabara hiyo mwaka 1832, ila wataalamu kadhaa wana shaka. Inaelekea theluji ya Kambara aliitunga mwenyewe. Katika picha ya Kameyama theluji imekoma, na msafara unapanda mlima kuelekea ngome asubuhi yenye anga safi.

Hiroshige alichora tu. Mafundi wengine walichonga vibao na kuchapa. Weupe wa theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila wino, na giza la anga lilitokana na mchapaji kufuta wino kwa mkono juu ya kibao. Ndiyo maana katika nakala kadhaa za Kambara giza liko juu, na katika nyingine liko chini, karibu na milima.

Mwaka 1856 akawa mmonaki wa Kibuddha, akaanza mfululizo wa mandhari za Edo. Alifariki wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za mfululizo huo.