TIPPU TIP: MASHAMBA YAKE NA BUSTANI ZETU

Mara hii tumechagua maisha ya mtu ambaye kila mtoto wa Kisangani amesikia jina lake. Lakini wengi wetu tunamjua kwa bunduki na pembe za ndovu tu. Sisi tunataka kumtazama kwa upande wa shamba. Juu ya nini? Juu ya ile neno tunayosikia kila saa ya kazi ya mikono, kwamba jembe ni azabu. Tulitaka kujua fikira hiyo imetoka wapi.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara aliyekaa sana kule Tabora. Hamed alianza biashara angali mtoto wa miaka 12, akiuza sandarusi. Alipokuwa kijana alimfuata baba yake bara, na tangu pale miguu yake haikupumzika. Jina la Tippu Tip alipewa na watu. Wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyopepesa.

Mwaka 1867 alikutana na Livingstone, akamsaidia. Halafu akaingia Manyema. Kati ya Watetela alimwambia mzee Kasongo Rushie kwamba yeye ni wa ukoo wake, na mzee akampa utawala. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe, lakini njiani wakaachana. Nyuma yake watu wake wakashuka mto mpaka kwetu, kwenye maporomoko ya Wagenia. Stanley alijenga kituo hapa kwenye kisiwa cha Wana Rusari mwezi wa Desemba 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa liwali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Basi, tufike kwenye mashamba. Msafara wa watu mia na mia hauwezi kula pembe za ndovu. Pale Waswahili walipokaa, walikata pori na kulima. Walileta mpunga, wakapanda malimau, machungwa, mapera na vitunguu karibu na nyumba zao. Mzungu mmoja aliyefika Kasongo mwaka 1893 aliandika kwamba alipita ndani ya shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu, akiwa juu ya mnyama wake. Ile mpunga ndiyo imezaa mashamba ya mchele ya Tshopo hata leo. Na hii Kiswahili tunayoandika, ilishuka njia moja na mbegu.

Lakini nani alilima? Hapa ndugu zetu, tusifumbe macho. Kukata miti ya pori, kuchoma, kupanda, kufukuza ndege asubuhi mpaka jioni, kuvuna, kutwanga: kazi yote ilifanywa na watumwa. Watu wa Tippu Tip walishambulia vijiji, wakakamata wanawake na watoto. Mwenye pembe aliweza kukomboa mtu wake; asiye na pembe alimpoteza. Mmoja wa watoto hao ni Disasi Makulo, wa upande wa Basoko. Alikamatwa akiwa mdogo, na mwaka 1883 akaingia mikononi mwa Stanley. Baadaye akalelewa na mmisionari Grenfell, akawa mwalimu wa Injili, akaanzisha misioni ya Yalemba. Huyu alirudi. Wengi hawakurudi.

Tippu Tip mwenyewe aliondoka hapa mwaka 1890, akafika Unguja mwaka 1891. Hakuona tena mashamba yake ya Kongo. Katika vita ya mwaka 1892 mpaka 1894 serikali ya Leopold iliwashinda Waarabu, na mtoto wake Sefu akafa. Mzee alibaki na mashamba yake ya Unguja, ambako pia watumwa walilima mpaka utumwa ulipoondolewa kwa sheria mwaka 1897. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Alikufa Unguja, Juni 1905.

Wababu zetu waliona nini? Waliona kwamba bwana anakaa barazani, na mtumwa anashika jembe. Waarabu walipoondoka, ikaja kazi ya mpira kwa nguvu. Halafu mwaka 1917 Wabelgiji wakatoa sheria ya kulima kwa lazima, na hapa kwetu pamba na mpunga vikalimwa kwa kuogopa fimbo. Kumbe ndiyo maana! Haya ya jembe tumeirisi. Siyo udongo uliotuaibisha, ni watu waliotufanya tulime bila kula.

Lakini katika Biblia Adamu alipewa bustani aitunze mbele ya zambi, wala siyo kwa azabu. Tena mtu anayelima nyuma ya nyumba yake, na jioni mama anachuma humo mboga ya chakula, huyo siyo mtumwa wa mtu. Anafanya kitu ambacho watu wa yale mashamba makubwa walinyimwa.

Kwetu mvua inanyesha karibu kila mwezi, hatuna sababu ya kununua kila jani sokoni. Kama lupango ni ndogo, inua tuta kiasi cha mkono, ili maji ya mvua yasiozeshe mizizi. Changanya majivu, mavi ya kuku yaliyokauka na maganda ya jikoni yaliyooza. Panda mbegu kwanza kwenye kitalu, funika kwa matawi ya ngazi, kwani jua na matone makubwa yanaua miche. Lengalenga inachumwa kisha wiki chache tu. Sombe panda kwa vijiti pembeni. Karibu na mlango weka lumbalumba kwa samaki, sinde kwa chai, na pilipili mti mmoja. Zungusha ua imara, sababu mbuzi hawasomi gazeti letu. Na maua yapate nafasi yao mbele ya nyumba: mtu halimi kwa tumbo peke yake.

Mbegu za Tippu Tip tumezipokea, tunakula matunda yake. Utumwa wake tuukatae, hata ule uliobaki kichwani. Saa ya kazi ya mikono ikilia, tushike jembe kama watu walio huru.