Mwalimu wa wadogo aliyeizunguka dunia

Mwezi uliopita nilivuka feri kwenda Timbwani, mtaa nilikozaliwa huko Likoni, kuwajulia hali wazee. Mpwa wangu, binti mwenye stashahada ya ualimu wa chekechea, alikuwa akinisubiri barazani na bahasha ya vyeti mkononi. Alitaka nimsaidie kuandika barua kwa shule moja ya kimataifa katika nchi za Ghuba iliyotangaza nafasi za walimu wa watoto wadogo. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja jirani aliuliza, kwa masihara yasiyokosa kuuma, ni nani atakayempandisha mtu ndege ili akawafute watoto makamasi. Tulicheka sote isipokuwa binti mwenyewe. Niliporudi mjini jioni ile bado swali lilikuwa likinisumbua, nami naona jibu lake bora ni maisha ya mwanamke mmoja aliyekwisha kufa zamani.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle nchini Italia. Zama zile msichana aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu, naye hakutaka kulisikia jambo hilo. Aliingia shule ya ufundi akidhamiria kuwa mhandisi, kisha akaugeukia udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Roma alilazimika kupasua maiti peke yake, wanaume wakishaondoka, kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa ni adabu mwanamke kusimama pamoja nao mbele ya mwili usio na nguo. Alihitimu mwaka 1896, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi yake kuipata shahada hiyo. Kwa hivyo, mtu aliyekuja kuipa heshima kazi ya kulea na kufundisha wadogo hakuiingia kwa kukosa nyingine.

Aliingizwa na wagonjwa wake. Katika hospitali ya maradhi ya akili aliwakuta watoto waliohesabiwa kuwa punguani, wamefungiwa pamoja na watu wazima wenye wazimu, hawana hata kitu cha kuchezea. Aliyasoma kwa makini maandishi ya madaktari wa Ufaransa, Itard na Séguin, akaona kwamba watoto wale walihitaji kazi ya mikono na ya akili kuliko dawa. Aliposhirikiana na wenzake kuwafundisha, na baadhi yao wakajua kusoma na kuandika, watu walistaajabu. Yeye alistaajabia jambo jingine: ikiwa hawa wameweza, basi wale wazima walioko shuleni wanazuiwa na nini?

Jibu alilipata katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Wazazi wa huko walitoka alfajiri kwenda vibaruani, na watoto wasiofikia umri wa shule wakabaki wakikimbia ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba, kwa kuzionea uchungu kuta zao, waliamua kuwatengea watoto chumba, nao wakamwita daktari awasimamie. Chumba hicho kilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 kikaitwa Nyumba ya Watoto. Msomaji anayevuka na feri ya alfajiri pamoja na akina mama wa Likoni waendao kisiwani kutafuta riziki hatahitaji kuelezwa zaidi mtaa ule ulikuwaje.

Hapo daktari alifanya jambo lililoonekana dogo: alitazama. Aliagiza meza na viti vya kimo cha watoto, akaweka vifaa wanavyoweza kuvishika na kuvirudisha mahali pake wenyewe, kisha akaangalia ni kipi wanachokichagua na ni muda gani wanaoushikilia. Aliona mtoto wa miaka mitatu akirudia kazi moja mara nyingi bila kuchoka wala kushurutishwa. Wazazi walipoomba watoto wafundishwe kuandika, alikata herufi katika karatasi ya msasa, watoto wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Baada ya muda, watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika maneno kabla hawajajua kuyasoma.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kama mwanaisimu. Njia ile ilifanikiwa upesi kwa sababu tahajia ya Kiitaliano inakaribiana sana na matamshi yake. Kiswahili nacho ni vivyo hivyo: ukiacha sauti chache kama ng' na dh, mtoto akijua herufi amekwisha kujua neno. Mtoto wa Timbwani, anayezungumza Kidigo na Kiswahili tangu utotoni, ana ngazi fupi ya kupandia kuliko mtoto wa Uingereza. Hata hivyo tunaiondoa ngazi hiyo kwa mikono yetu, kwa kumwanzisha na Kiingereza ambacho herufi zake humlaghai kila siku.

Habari za San Lorenzo zilienea kama moto wa nyika. Mwaka 1909 daktari alitoa kitabu chake na kuendesha kozi ya kwanza ya walimu. Mwaka 1913 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walikusanyika Roma kumsikiliza. Mwaka huohuo alizuru Marekani, na mwaka 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, watu walitazama kupitia kuta za vioo darasa lililokuwa likifanya kazi yake. Kwa miaka mingi alikuwa na makao Barcelona. Mwaka 1929 iliundwa jumuiya ya kimataifa ya kuhifadhi njia yake, ambayo hadi leo hutoa stashahada zinazotambulika katika nchi nyingi. Mussolini alimuunga mkono mwanzoni, kisha wakafarakana, na shule zake za Italia zikafungwa. Mwaka 1936 vita vya Uhispania vilimfukuza Barcelona akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda Madras, Bara Hindi, kwa kazi ya miezi michache. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, watawala Waingereza wakamhesabu kuwa raia wa adui, naye akakaa huko hadi mwaka 1946. Katika miaka hiyo alifundisha walimu zaidi ya elfu moja.

Nawaomba wanaoamini kwamba Kiingereza pekee ndicho pasipoti walitafakari hili: mwanamke huyu alifundisha Wahindi kwa Kiitaliano, mwanawe akifasiri. Kilichomvusha mipaka yote ni elimu aliyokuwa nayo juu ya mtoto, na elimu hiyo aliivuna katika mtaa wa mafukara, kwa lugha ya mtaa ule.

Si haki kuyasimulia haya bila kutaja gharama. Mwana huyo, Mario, alizaliwa mwaka 1898 nje ya ndoa, na mama aliogopa kupoteza kazi na heshima. Alimpeleka shamba akalelewe na watu wengine, na aliporudi kwake akiwa kijana wa miaka kama 15, kwa muda mrefu alijulikana mbele ya watu kuwa mpwa. Bingwa wa watoto duniani hakumlea wake. Simtaji kwa kumshutumu, bali kwa kuwa mpwa wangu naye ana mtoto wa miaka mitatu, na mkataba wa Ghuba hauna nafasi ya mtoto. Yuko tayari kumwachia bibi yake. Mabinti wangapi wa pwani hii wanawalea watoto wa watu ng'ambo huku wao wakiwaona wa kwao katika simu?

Montessori alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 81. Siku ile ile alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya kuja Afrika kufundisha walimu. Safari hiyo haikufanyika.

Lakini je, sisi tulihitaji kungoja? Lugha yetu haikumdharau mtoto. Mahali pa kwanza anapopelekwa mtoto wa Mombasa kujifunza alifu na bee huitwa chuo. Mahali ninapofundisha mimi huitwa chuo kikuu. Neno ni moja, tofauti ni ukubwa tu. Ni juzi tu ambapo wenzetu wa Tanzania walizoea kuziita shule za wadogo shule za vidudu, nasi tukazoea kumwita mwalimu wao yaya. Na hapa hapa Mombasa, mwaka 1986, kwa ombi la Waislamu wa mwambao na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, shule ya awali ya kwanza ya mpango wa madrasa ilianza, ikiongozwa na Bi Swafiya Said. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaani, na mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Ng'ambo ilikuja kujifunza kwetu.

Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea imo mikononi mwa serikali za kaunti. Anayetaka kuwazuia mabinti wetu wasiondoke asiwakataze, awalipe. Mwalimu anayeshika udongo ungali maji asipate ujira chini ya yule anayeshika chungu kilichokwisha kukauka.

Barua ya mpwa wangu niliiandika. Nilimwomba mambo mawili: mkataba uangaliwe na wakili kabla ya kutia sahihi, na mwaka huu uliobaki auketi katika nasari ya Timbwani na daftari, awatazame watoto na kuandika anayoyaona. Akienda, atakwenda na elimu isiyopatikana huko aendako. Akibaki, nitamwendea yule mzee jirani nimweleze kwa nini amebaki.